Mtoto, ngoma na mwenzake wa pembeni

Mpe mtoto wa miaka miwili na nusu kigoma, kisha mwekee mdundo kutoka kwenye spika. Atapiga kwa furaha, lakini atapiga kwa mwendo wake, na mdundo wa spika utashika njia yake. Zima spika. Keti mbele yake na kigoma chako, upige mdundo uleule, na mtoto yuleyule ataanza kukutafuta. Sebastian Kirschner na Michael Tomasello walichapisha jaribio la namna hii mwaka 2009. Waliwapigisha ngoma watoto wa miaka miwili na nusu, mitatu na nusu na minne na nusu katika hali tatu: wakiwa na mtu, wakiwa na mashine inayopiga ngoma, na wakisikia sauti pekee. Watoto wa umri wote walishika mdundo vizuri zaidi walipokuwa na mtu. Wale wadogo kabisa waliweza hata kuacha mwendo ambao miili yao imeuzoea na kufuata wa mwenzao.

Nimeanza na jaribio hilo kwa sababu kila ninaposikia watu wakisifu ngoma kama tiba kwa watoto, sifa zote huenda kwa chombo. Husifiwa mtetemo wa ngozi, nguvu ya mdundo, mawimbi ya ubongo. Basi ngoma zinanunuliwa, zinapelekwa shuleni au kwenye kituo cha vijana, anakabidhiwa mtu yeyote mwenye kiganja chepesi, na zinasubiriwa zifanye kazi kama dawa ya kikohozi. Mimi naona kinachomtuliza mtoto, pale anapotulia, ni kulazimika kumsikiliza mwenzake na kugundua kwamba mwenzake naye anamsikiliza. Ngoma ni njia bora kuliko zote ninazozijua ya kulifanya hilo litokee haraka, tena kwa mtoto ambaye maneno yamemshinda. Hata hivyo ni njia tu. Tukikosea hapo tutakosea na mengine yote yanayofuata: nani aongoze, watoto wawe wangapi, watazamaji wawepo au wasiwepo, na nini kifanyike siku ngoma zitakaporudishwa stoo.

Lugha yetu ilishaliona jambo hili. Neno ngoma ni chombo, ni uchezaji, na ni mkusanyiko wenyewe. Ukimwambia mtu "leo kuna ngoma", hatafikiri kwamba umeleta chombo kimoja ukakiegemeza ukutani. Atajua kuna watu.

Utafiti ninaourudia mara nyingi ni wa Ping Ho na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2011. Walishiriki wanafunzi 101 wa darasa la tano kutoka familia za kipato cha chini, wengi wao wakiwa na umri wa miaka kumi au kumi na moja. Madarasa mawili, yenye watoto 54, yalipiga ngoma kila wiki kwa wiki 12. Madarasa mengine mawili, yenye watoto 47, yaliendelea na ratiba ya kawaida. Walimu walijaza fomu ya tabia za kila mtoto kabla na baada. Waliopiga ngoma walionekana kupata nafuu kuliko wenzao katika mambo mengi: umakini, wasiwasi, kujitenga na huzuni, ukaidi, hata dalili zinazofuata kiwewe. Na hakuna mtoto hata mmoja aliyeachia njiani. Kwa wasiofanya kazi na watoto, hilo la mwisho linaweza kuonekana dogo. Aliyewahi kuanzisha programu ya ushauri nasaha na watoto ishirini, akamaliza na saba, anajua uzito wake.

Wengi wanaonukuu utafiti huu husahau mambo mawili. La kwanza, walioongoza walikuwa washauri nasaha wa shule. La pili, kila kipindi kilichanganya midundo na mazoezi ya ushauri wa kikundi: namna ya kuishika hasira, namna ya kusikiliza, namna ya kutulia juu ya jambo moja. Kwa hiyo anayesema "ngoma ilipunguza wasiwasi" amekata sentensi katikati. Kilichopunguza wasiwasi, kama kweli kilipunguza, ni ngoma ikiwa mikononi mwa mtu anayejua kuzungumza na watoto.

Ninasema "kama kweli" kwa makusudi. Madarasa hayakupangwa kwa kura, na fomu zilijazwa na walimu wa madarasa hayohayo, ambao bila shaka walijua watoto wao wanapiga ngoma. Mwalimu aliyewaona wanafunzi wake wakirudi darasani wanacheka anaweza kuwaona wametulia kuliko walivyo. Tena kundi la ulinganisho halikupewa shughuli nyingine mahali pa ngoma. Hatuwezi kujua kwaya, au mpira, au saa moja ya kuangaliwa kwa upendo na mtu mzima, ingeleta nini. Nayasema haya kwa sababu ninaipenda kazi hii, na ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Ahadi kubwa zisizoshikika ndizo zitakazowafanya wakuu wa shule wazifunge ngoma kabatini baada ya muhula mmoja.

Sasa tuingie ndani ya duara lenyewe, maana huko ndiko kuna cha kuona.

Watoto kumi au kumi na wawili wamekaa, kila mmoja na ngoma yake kati ya magoti. Kiongozi anaanzisha mdundo mwepesi, mapigo manne yasiyo na pambo. Wote wanaingia. Ndani ya dakika moja mdundo umeanza kukimbia, kwa sababu watoto wakifurahi huharakisha, na kila anayeharakisha anamsukuma mwenzake. Baada ya kukimbia unapaa: kila mmoja anapiga kwa nguvu zaidi ili ajisikie. Dakika ya tatu kuna kelele tupu. Kiongozi mchanga atapaza sauti, aseme "punguzeni!" Mzoefu anafanya kinyume, anapiga yake polepole hadi iwe karibu kimya, au anasimamisha wote na kuuliza: nani anaweza kumsikia aliyekaa wa tatu kutoka kwake? Wanaanza tena. Safari hii, bila kuambiwa wapunguze, wanapunguza, maana huwezi kumsikia mtu wa tatu huku unaitwanga ngoma yako.

Swali hilo moja linambadilisha mtoto mkaidi kuliko hotuba kumi. Hakuamriwa na mtu mzima anyamaze. Amenyamaza kwa sababu anatafuta kitu. Nguvu zake zimepata kazi.

Halafu kuna kuitikia. Mtoto mmoja anapiga fungu fupi la mapigo, lolote lile, na duara zima linamrudishia vilevile alivyopiga. Anapiga jingine, linarudi. Jaribu kuliwaza hilo kwa upande wa mtoto ambaye nyumbani akilia hajui kama atabembelezwa, atapigwa au hataonekana kabisa. Maisha yake yote jibu la wakubwa limekuwa bahati nasibu. Hapa anatoa sauti, na watu kumi na mmoja wanamjibu, kwa wakati, kwa usahihi, kila mara. Nimewaona watoto wakirudia fungu moja mara tano, sita, wakijaribu kama jibu litakuja tena. Kiongozi mwenye haraka huona mtoto anawachelewesha wengine. Mimi naona hizo ndizo dakika zenye tiba kuliko zote katika kipindi, na ningeacha mengine yote yasubiri.

Kusubiri nako kuna namna yake hapa. Mtoto asiyetulia, yule ambaye kila ripoti yake inasema "hawezi kungoja zamu", darasani hungojea utupu. Anaambiwa akae, mikono mezani, na hakuna cha kufanya na mwili wake mpaka aitwe. Kwenye duara, kusubiri kumejaa. Mdundo unaendelea, mguu unagonga sakafu, anahesabu moyoni, mwili mzima unajua zamu inakaribia. Ni subira ileile anayodaiwa darasani, ila hapa amepewa kitu cha kuishikia. Na kuna ule mchezo ambao watoto hawauchoki: mikono yote inasimama ghafla kwa ishara moja, kimya kinatanda, kisha wote wanaingia tena kwa pigo moja. Yule anayepitiliza na kupiga ndani ya kimya hucheka mwenyewe, na mara ya pili anaikamata mikono yake hewani. Kujizuia ndiko huko. Hakuna somo la kujizuia ninalolijua ambalo watoto huomba lirudiwe.

Kosa pia hufa haraka kwenye ngoma. Ukikosea kwenye daftari, alama nyekundu inabaki hapo hadi mwisho wa mwaka. Ukikosea pigo, lijalo limeshafika na unaweza kuingia nalo. Mtoto aliyezoea kuaibishwa anahitaji wiki kadhaa kuamini hilo, na usoni mwake utaiona siku alipoamini: anaacha kumtazama kiongozi kila anapopotea.

Kuna jambo jingine nalithamini sana, nalo ni ngoma kubwa ya chini. Sehemu yake ni rahisi kuliko zote, pigo moja, kimya, pigo moja. Anaweza kuipiga mtoto mwenye shida ya viungo, au aliyejiunga leo, au anayeamini hana kipaji cha lolote. Lakini wote wamesimama juu yake. Akiacha, duara linayumba na kila mtu anageuka kumtazama, bila hasira, wakimwomba arudi. Ni mara ngapi mtoto huyo amepata kuwa mtu ambaye bila yeye mambo hayaendi? Wapo viongozi wanaoitunza sehemu hiyo kwa ajili ya mtoto wao mwenye shida zaidi, na wanafanya vizuri.

Nilipata kukaa kwenye duara pamoja na mvulana wa miaka kama kumi na moja ambaye vikutano vitatu vya mwanzo hakupiga hata mara moja. Alikaa na viganja vyake chini ya mapaja, macho sakafuni. Kiongozi hakumsihi. Alimwekea ngoma mbele yake kila wiki na kumpita kama anavyowapita wengine. Wiki ya nne, duara liliposimama kwa ishara na kimya kikatanda, mvulana alitoa mkono mmoja na kupiga mara moja, peke yake, katikati ya kile kimya. Watoto walianza kucheka. Kiongozi hakumkosoa wala hakumsifu. Alisema tu, "Tuurudie ule mwisho," na wote wakasimama, wakanyamaza, wakamwachia nafasi, akapiga. Tangu siku hiyo kila wimbo wa kundi lile ulimalizika hivyo. Sidai kwamba aliondokewa na yaliyokuwa yanamsumbua. Ninachojua ni kwamba wiki ya tano alikuja mapema.

Hayo ni ya kuona kwa macho. Watafiti wamejaribu kuyavunja vipande na kupima kimoja kimoja. Mwaka 2010 Kirschner na Tomasello walionyesha kwamba watoto wa miaka minne walioimba na kucheza pamoja kwa mdundo walisaidiana zaidi baadaye kuliko waliocheza mchezo uleule bila muziki. Mwaka 2014 Laura Cirelli na wenzake, Kanada, walishuka hadi kwa watoto wachanga wa miezi 14: waliorushwarushwa mikononi kwa mwendo mmoja na mtafiti aliyesimama mbele yao walikuwa wepesi zaidi kumwokotea vitu alivyoangusha, kuliko wale ambao mwendo wao haukuoana na wake. Mwaka uliofuata Tal-Chen Rabinowitch na Ariel Knafo-Noam waliwagongesha mdundo watoto wa miaka minane na tisa wawili wawili. Waliogonga sambamba walijiona wanafanana zaidi na wako karibu zaidi na wenzao. Majaribio haya ni ya dakika chache, na hatuwezi kuyageuza kuwa ahadi ya urafiki wa mwaka mzima. Lakini yote yanaelekeza kidole kule kule. Mwili ukienda pamoja na mwili mwingine, moyo nao husogea.

Kuhusu mwili sitakaa sana, kwa sababu huko ndiko maneno makubwa hutumika ovyo. Jessica Grahn na Matthew Brett walionyesha mwaka 2007 kwamba tunaposikia mdundo wenye pigo la kushika, sehemu za ubongo zinazohusika na mwendo huamka hata kama tumekaa kimya. Robin Dunbar na wenzake, mwaka 2012, waliona kwamba watu wazima waliopiga ngoma, kuimba au kucheza walivumilia maumivu zaidi muda mfupi baadaye, ilhali kusikiliza muziki tu hakukuleta hilo. Wao wanalihusisha na endofini, kemikali za kutuliza maumivu ambazo mwili hutoa wenyewe. Daktari wa magonjwa ya akili Bruce Perry wa Marekani amekuwa akifundisha kwa miaka mingi kwamba mtoto aliyepatwa na mabaya mapema hutulizwa kwanza kwa mdundo unaojirudia, kabla ya mazungumzo kuweza kumfikia. Mimi namwamini kwa yale ninayoyaona. Ila hoja ya Perry ni mwongozo wa kazi, na haimpi mtu ruhusa ya kumwambia mzazi kwamba ngoma "inaunda upya" ubongo wa mwanawe.

Kuna utafiti mmoja unaonipinga, na ni haki niuseme. Mwaka 2022 Marie-Stephanie Cahart na wenzake walichapisha matokeo ya vijana 36 wenye usonji ambao hawakuwahi kujifunza ngoma. Waliojifunza kwa wiki nane, mara mbili kwa wiki, walipungukiwa na kutotulia na walimudu zaidi kukaza umakini, na picha za ubongo zilionyesha mabadiliko katika namna sehemu zake zinavyowasiliana. Yalikuwa mafunzo ya ustadi wa ngoma, hatua kwa hatua, wala si duara la kuitikiana. Kwa hiyo chombo chenyewe kina mchango wake: mkono wa kulia na wa kushoto kufanya kazi tofauti, jicho kufuata, pigo kuja kwa wakati. Nakubali. Mtoto ambaye shida yake kubwa ni umakini anaweza kufaidika na ngoma hata akiwa na mwalimu peke yake. Lakini upweke hautibiwi na mwalimu peke yake, na watoto wengi wanaoletwa kwenye ngoma wana upweke uliojificha nyuma ya utukutu.

Na matokeo ya watu wazima tuyaache kwa watu wazima. Daisy Fancourt na wenzake, Uingereza, mwaka 2016, waliona wasiwasi na sonona vikipungua kwa watu waliokuwa wakitumia huduma za afya ya akili baada ya wiki 10 za ngoma za kikundi. Ni habari njema kwa watu wazima. Kuikuta kwenye kijitabu cha kutangaza programu ya watoto wa miaka minane kunanisikitisha.

Kwa vijana walioingia utineja, kazi inageuka. Mtoto wa miaka saba atapiga ngoma kwa sababu ngoma iko mbele yake. Wa miaka kumi na tano atakagua kwanza nani yumo, nani anamtazama, na kama kuna mtu atakayejaribu kumfanya azungumze juu ya hisia zake. Ana haki ya kukagua. Ndiyo maana ninaipenda njia ya programu ya DRUMBEAT, iliyoanzishwa Australia Magharibi mwaka 2003, ambayo hupita na vijana wiki 10 ikichanganya midundo na mazungumzo. Mazungumzo huanzia kwenye ngoma: nini kilitokea mdundo ulipovunjika, nani alijaribu kuuokoa, ilikuwaje mmoja alipopiga juu ya wote. Ni hatua fupi kutoka hapo hadi kwenye marafiki wanaokusukuma usikotaka kwenda. Lakini hatua hiyo anaipiga kijana mwenyewe, na anaweza kuisimamisha akitaka. Lisa Wood na wenzake walipoifuatilia programu hiyo katika shule 19, matokeo waliyochapisha mwaka 2013 yalionyesha vijana wakijithamini zaidi. Hapa pia tahadhari niliyoitaja juu inahusika, lakini muundo wa kazi yenyewe ni mzuri, na anayetaka kuanza angeanza kwa kujifunza huo.

Kuna faida nyingine ambayo Ho na wenzake waliitaja na ambayo haizungumzwi vya kutosha: kupiga ngoma hakuna aibu ya kwenda kutibiwa. Mtoto anayeitwa ofisini kwa mshauri nasaha hutembea mbele ya macho ya darasa zima. Anayeitwa kwenye ngoma huonewa wivu. Ila faida hiyo ni rahisi kuipoteza. Ukichagua watoto wenye matatizo tu, ukawapa ngoma, baada ya wiki mbili shule nzima itajua ngoma ni za akina nani. Changanya. Watoto waliotulia nao wanahitaji kusikilizwa, na kwa kuwachanganya, yule mtukutu anampata mwenzake wa pembeni anayeshika mdundo.

Zipo hatari, na zinahitaji mtu mzima anayezijua. Kwa mtoto aliyetoka vitani, au nyumbani ambako milango hupigwa, mshindo wa ghafla si mchezo. Moshe Bensimon na wenzake walipotumia ngoma na askari wachache wenye kiwewe, katika utafiti wa mwaka 2008, ngoma ziliwapa pa kutolea hasira na njia ya kuzifikia kumbukumbu zao. Hao walikuwa watu wazima, katika kundi dogo, mbele ya wataalamu wa tiba kwa muziki. Ukifungua mlango ule kwa mtoto bila mtu anayejua cha kufanya na kitakachotoka, umemdhuru. Basi anza na sauti ndogo, mwonyeshe mkono kabla haujashuka, na mwache akae karibu na mlango akitaka.

Masikio nayo. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asizidishe saa nane kwenye kelele ya desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo ukatwe nusu. Zikifika 100, zimebaki dakika 15. Ngoma kumi zikitwangwa ndani ya chumba kidogo chenye kuta tupu si sauti ya mchezo, na masikio ya mtoto si ya mfanyakazi mzima. Chumba kikubwa, zulia au mikeka, ngoma za viganja badala ya fimbo, vizuia sauti kwa watoto wenye usonji na wengine wanaovihitaji, na mapumziko ya kimya. Muda nao uwe mfupi. Ngoma ya watoto haikeshi, wahenga walisema wakiwa na jambo jingine mawazoni, lakini kwa kazi hii uchukue msemo huo kama ulivyo: watoto wakianza kuchoka, kusikilizana ndiko kunakotoka kwanza, na baada ya hapo mnapiga kelele tu.

Lakini kinachonikera kuliko hayo yote ni jukwaa. Kundi likishashika midundo miwili mitatu, lazima mtu mzima atokee na wazo: kuna sherehe, kuna mgeni, watoto wapige. Kuanzia siku hiyo kila kitu kinageuka. Kiongozi anaanza kutafuta usahihi. Mtoto wa mapigo yasiyo sawa anahamishiwa nyuma, kisha anapewa njuga, kisha anaambiwa apange viti. Fungu la kuitikia linafutwa kwa sababu halina mwisho unaojulikana. Wenye vipaji wanang'aa, na duara limegeuka kuwa mstari unaotazama watu. Muziki wa jukwaani ni jambo zuri, na mtoto anayeutaka apewe. Ila upewe jina lake na saa yake. Saa ya duara isiwe na mgeni, isiwe na kamera, wala kikombe cha mshindi. Mzazi akitaka kuona, aje achukue ngoma akae.

Na kiongozi? Nikilazimika kuchagua kati ya mpiga ngoma hodari asiyejua watoto na mwalimu anayejua watoto lakini midundo yake ni mitatu tu, namchukua mwalimu, leo na kesho. Midundo inafundishika kwa siku chache. Kumwona mtoto anayekaribia kulia kabla hajalia, kujua nani asikae karibu na nani, kuivumilia dakika ya fujo bila kupaza sauti, hayo huchukua miaka. Wakiwa wawili, mmoja wa kupiga na mmoja wa kutazama, ni bora zaidi. Na pale shida ya mtoto inapozidi uwezo wao, wajue wampeleke kwa nani, maana duara halichukui nafasi ya daktari wala ya ulinzi dhidi ya anayemuumiza mtoto nyumbani.

Limebaki jambo ambalo tafiti nyingi hazilifikii, kwa sababu huishia wiki ya 10 au ya 12 pamoja na fedha za mradi. Mtoto amejifunza kwa taabu kwamba akipiga atajibiwa. Kisha Jumanne moja chumba kimefungwa. Kwa mtoto ambaye watu wazima wamekuwa wakimtoweka maishani, sisi tumekuwa wengine tena. Anayeanzisha kazi hii awaambie watoto tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza, awahesabie wiki zilizobaki, awape wao kuongoza katika vikutano vya mwisho, na ahakikishe ngoma mbili tatu zinabaki mahali wanapoweza kuzifikia bila kumwomba mtu. Kama hawezi hata hayo, asubiri mpaka aweze.

Kundi lile nililokaa nalo lilifungwa bila hayo yote. Siku ya mwisho tulipiga, tukasimama kwa ishara, kimya kikatanda, na yule mvulana akapiga pigo lake. Wakati tunabeba ngoma kwenda stoo alimfuata kiongozi na kumuuliza wiki ijayo nani atapiga ule mwisho. Hatukuwa tumeandaa jibu.